Binti yangu wa darasa la tatu Hisabati imemgomea, namfundisha nyumbani. Nianzie wapi?

MamaDagaa_Kirumba aliandika:

Mwangaluka wakubwa kwa wadogo. Niko Mwanza, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, jumla na rejareja. Nina binti wa miaka tisa. Likizo ya Juni ilipoisha sikumrudisha shule aliyokuwa anasoma. Sitaitaja. Kila siku ya jaribio la Hisabati mtoto alikuwa anaamka tumbo linauma, siku nyingine anatapika kabisa, na mwalimu wao alikuwa na utaratibu wake: kila swali ulilokosa ni fimbo moja. Mtoto aliyekosa saba kati ya kumi, hesabu hiyo anaielewa vizuri sana. Nimempatia nafasi shule nyingine huku Buswelu tunakohamia ila anaanza Januari. Mpaka hapo mwalimu ni mimi, darasa la saba wa zamani.

Naomba nieleze tatizo lenyewe, maana nikisema tu "hajui hesabu" mtaniambia mpe mazoezi. Mazoezi anayo, madaftari yamejaa wino mwekundu.

Kusoma anasoma. Anamshinda kaka yake aliye darasa la tano; ukimpa gazeti lililofungia vitumbua atalisoma mpaka pale mafuta yalipofuta maandishi. Lakini mwambie aandike mia mbili na tano, anaandika 2005. Mpe 43 kutoa 17, anakuletea 34, na ana uhakika nayo hadi anakukasirikia. Tebo ya tatu anaiimba yote bila kukosea, ila ukimuuliza tatu mara sita lazima aanze "tatu mara moja tatu" ndipo afike, na ukimkatisha njiani anarudi mwanzo. Nane jumlisha tano anahesabu vidole nane kuanzia moja, anaongeza vitano, halafu anavirudia vyote tena kuanzia moja kuhakikisha havijapungua.

Sasa kinachonichanganya. Mezani kwangu sokoni huyu mtoto anauza! Fungu mia tano, mteja akibeba matatu akatoa elfu mbili, anamrudishia mia tano bila kumuuliza mtu. Nikirudi nyumbani nikamwandikia 2000 − 1500 ananiandikia 1500. Mtoto yuleyule, siku ileile.

Muda wangu ndio huo, unafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inakaa pwani na soko linapoa, hapo nakaa naye asubuhi nzima. Siku za giza natoka alfajiri, narudi nanuka na nimechoka, namshika saa mbili usiku, na hapo ndipo tunagombana. Baba yake anasema ni uvivu. Bibi yake kule Magu anasema ni akili za ukoo wa baba yake. Upimaji wa darasa la nne ni mwakani. Tuendelee na kitabu cha darasa la tatu au turudi nyuma, na kama ni kurudi, mpaka wapi?

---

Ngosha_Igoma alijibu:

Pole mama. Mimi nakukumbusha karatasi tu. Kwa Sheria ya Elimu ya 1978 mtoto akitimiza miaka saba lazima aandikishwe na ahudhurie shule, na huo upimaji wa darasa la nne anasajiliwa kupitia shule, hausajili mwenyewe ukiwa nyumbani. Hakikisha barua ya uhamisho unayo mkononi na Afisa Elimu Kata ana habari, isije Januari ukaambiwa mtoto ni mtoro. Ya hesabu nawaachia walimu, mimi kidato cha nne nilivuna F safi.

---

Tuisheni_Bora_MZA alijibu:

Mama njoo inbox. Natoa tuisheni Nyegezi na Mkolani, mtoto anameza tebo zote mpaka ya 12 ndani ya wiki mbili. Matokeo uhakika.

---

Mwl_Mstaafu_Nansio alijibu:

Mwanangu Mama Dagaa, salamu nimezipokea. Mimi ni bibi sasa, nimestaafu niko Nansio. Nilisomea ualimu Butimba, na karibu maisha yangu yote ya kazi nilikuwa na darasa la kwanza na la pili, madarasa ambayo walimu wengi wanayakimbia.

Huyo wa tebo wiki mbili mwache apite. Tebo binti yako anazo, anaziimba. Kuzimeza zaidi ni kumpa wimbo mrefu zaidi.

Nimesoma makosa yake mara mbili, na nakuambia huyo mtoto anafikiri. Angalia: 43 kutoa 17 amepata 34. Kwenye mamoja ameona 3 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, 4. Kwenye makumi 4 toa 1, 3. Nenda kwenye 2000 toa 1500: sifuri na sifuri, sifuri na sifuri, kisha 0 na 5 ameandika 5, kisha 2 toa 1 ni 1. 1500. Ni kanuni moja, anaitumia bila kuyumba: ndogo hutolewa kwenye kubwa. Na 2005 ni hivyohivyo, amesikia mia mbili akaandika 200, amesikia tano akaongeza 5. Mtoto asiye na akili hakosei kwa mpangilio namna hiyo. Kinachokosekana ni kimoja: kwake 43 ni 4 na 3 zimekaa jirani. Hajaona kwamba ile 4 ni arobaini.

Kwa hiyo rudi. Rudi mpaka darasa la kwanza, wala usimwambie kwamba ni la kwanza. Kitabu cha darasa la tatu kifunge kwanza. Kila utakachojenga juu ya hapo, kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, kitamwangukia.

Siku ya kwanza usimfundishe, mpime. Chukua punje kumi za mahindi, mhesabie mbele yake. Funika baadhi kwa bakuli, nje ziache sita. Muulize ndani zimo ngapi. Akijibu nne papo hapo, vizuri. Akianza kuhesabu vidole, umefika penye tatizo la chini kabisa, na hapo ndipo kazi inaanzia: mpaka ajue bila kuhesabu kwamba 6 anaishi na 4, 7 na 3, 8 na 2. Huo ni mchezo wa dakika tano, mnaweza kucheza jikoni mkisubiri ugali.

Kisha nunua fagio moja la njiti, likate vipande vya urefu wa kidole. Mipira ya kufungia noti unayo, wewe ni mfanyabiashara. Afunge mwenyewe mafungu ya kumikumi, usimfungie. Mwambie alete 43: mafungu manne na vijiti vitatu. Sasa mwambie akupe 17. Fungu moja atakupa, halafu anatakiwa vijiti saba na ana vitatu. Nyamaza hapo! Wazazi wengi hapo ndipo mnapoharibu, mnamrukia na jibu. Mwache ahangaike mpaka mwenyewe afungue fungu. Ubaoni tunawaambia "kopa kwa jirani", wanakopa bila kujua jirani ana nini. Akishafungua fungu kwa mkono wake mara nyingi ndipo muandike pamoja kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kila alichofanya kwa kijiti.

Kwa ile 2005 kata kadi kwenye boksi la sabuni. Kadi za mamoja 1 mpaka 9 ziwe na upana wa tarakimu moja. Makumi, 10 mpaka 90, upana wa tarakimu mbili. Mamia upana wa tatu. Mia mbili na tano: analaza kadi ya 200, anachukua ya 5 anailaza juu ya sifuri ya mwisho. Inasomeka 205. Akiinua 5, sifuri ipo chini yake. Mbalamwezi moja ya kucheza na kadi hizo inatosha, amini.

Tebo: tafuta trei la mayai. Mayai 30, mistari mitano ya mashimo sita. Kata upate mistari mitatu ya sita. Tatu mara sita ndiyo hiyo, anaiona yote kwa mpigo. Ligeuze, sita mara tatu, mashimo hayajaongezeka wala kupungua. Kisha mfundishe kuanzia anapopajua: tatu mara tano ni 15, watoto wengi tano wanaipenda, basi mara sita ni tatu moja zaidi, 18. Hana haja ya kuanza wimbo.

Na la mwisho, usiku wa giza usimfundishe. Saa mbili usiku wewe umechoka na yeye anakuogopa, na mtoto mwenye hofu hawezi kushika namba mbili kichwani kwa pamoja. Hofu inakaa palepale namba zilipotakiwa kukaa. Lile tumbo halikuwa la kudeka. Siku za giza chezeni bao. La mistari miwili ya mashimo linatosha, si lazima lile la wazee la mashimo 32 na kete 64. Kabla hajasambaza muulize kete ya mwisho itaangukia wapi. Basi. Siku za mbalamwezi, dakika ishirini asubuhi, na kama anafurahia, katisha akiwa bado anataka.

---

Fundi_wa_Namba alijibu:

Mwalimu ameongea kila kitu, shikamoo Mwalimu. Niongeze la sokoni, maana watu hudhani mtoto akishajua kuuza, karatasi itafuata yenyewe. Haifuati.

Kuna utafiti maarufu wa Brazili, wa Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, ulichapishwa 1985. Mji ni Recife. Walikwenda kwa watoto watano waliokuwa wakiuza mitaani, wakajifanya wateja. Baadaye wakawakalisha na kuwapa hesabu za namba zilezile kwa karatasi na kalamu. Mtaani walipatia asilimia 98. Hesabu tupu za karatasi walipatia asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi nne, moja ikiwa 35. Akajumlisha kwa kupanda: nazi tatu 105, ongeza 30 ni 135, kisha 5, jumla 140. Akapatia. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi aliandika 200. Nne mara tano ishirini, peleka mbili. Mbili na tatu ni tano. Tano mara nne ishirini. Kanuni ya shule aliikumbuka nusu, na hakujiuliza inakuwaje nazi zilezile zipande bei ghafla.

Kwa hiyo mama, usiseme "si unajua sokoni, kwa nini hapa hujui". Hizo kwake ni hesabu mbili tofauti. Kaa naye mezani, akirudisha chenji muulize amefikaje, halafu andika maneno yake kama alivyosema. Atakuambia: kutoka 1500 mpaka 2000 ni mia tano. Hapo amefanya kutoa kwa kupanda. Hiyohiyo inafanya 43 kutoa 17: kutoka 17 mpaka 20 ni 3, mpaka 40 ni 20, mpaka 43 ni 3, jumla 26. Mwonyeshe kwamba karatasi inakubali njia yake. Akishaiamini hiyo, atakuwa na kitu cha kupimia jibu la kukopa: akipata 34, chenji inamwambia hapana.

---

MamaWawili_Nyegezi alijibu:

Mama mwenzangu, kabla ya vijiti mpeleke apimwe macho na masikio. Wangu wa pili tulimsumbua na hesabu kumbe ubaoni 3 na 8 zilikuwa kitu kimoja kwake. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya macho.

Halafu kuna hali inaitwa diskalkulia, ubongo unapata shida na idadi, ingawa mengine mtoto anaweza kuwa sawa. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 3 hadi 7 kwa kila 100. Sisemi wako anayo, mtandaoni hatupimi watu. Ila ukimfanyisha hayo ya Mwalimu kwa muda mrefu na bado sita na nne hazikai, usirudi kwenye uvivu na ukoo wa baba. Watoto wa hivyo wanasonga, kwa vitu vya kushika na kwa muda zaidi.

---

MamaDagaa_Kirumba aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na nyote wabeja sana. Nilinyamaza kwa sababu giza liliingia, nimerudi na majibu.

Macho yako sawa, tumepima. Punje za mahindi zilinishtua. Nilifunika nne akasema "nane", akakisia tu. Kumbe hata huko chini hakukuwa na kitu, na mimi nilikuwa namkimbiza na kugawanya kwa njia ndefu! Sasa hivi 6 na 4 anajua, 7 na 3 anajua, 8 na 2 anajua, 9 na 1 hiyo hata mdogo wake ameidaka. Kadi anazipenda kupita kiasi, ameandika namba ya nyumba yetu, ya bodaboda ya jirani, na bei za vitu dukani.

Vijiti ndiyo ilikuwa sinema. Alifungua fungu mwenyewe, akanipa 17, akahesabu vilivyobaki, 26. Nikampa karatasi, akaandika 34. Nikamuuliza sasa ipi kweli? Akaangalia vijiti, akaangalia karatasi, akasema, "Mama, karatasi imekosea." Nikamwambia basi isahihishe. Akaipigia mstari kwa peni nyekundu, mwenyewe, na kuandika "rudia". Nimecheka mpaka baba yake akatoka ndani.

Yeye baba ndiye tatizo jipya. Anasema mtoto wa miaka tisa anachezea vijiti kama wa chekechea, na lini ataacha. Na mimi nina swali langu: vidole nimkataze? Kule shule walikuwa wanawafungisha mikono mgongoni.

---

Mwl_Mstaafu_Nansio alijibu:

Marahaba mwanangu. Hiyo peni nyekundu imenifurahisha kuliko yote.

Vidole usikataze. Mtoto ukimficha vidole atahesabu vya miguu ndani ya viatu, nimewaona. Wewe badilisha anavyovitumia. Nane jumlisha tano: nane aiweke kichwani, asiihesabu tena, aendelee tisa, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tatu. Akizoea hapo, mpitishe kwenye kumi: nane inataka mbili ifike kumi, tano imebaki na tatu, kumi na tatu. Unaona kwa nini tulianza na punje? Akifika hapo vidole vitapumzika vyenyewe.

Vijiti havitolewi siku moja. Kwanza avifanye na kuandika pamoja, kama mlivyoanza. Baadaye avichore: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja, na fungu likifunguliwa anafuta mstari anachora nukta kumi. Halafu utamkuta anaandika tu na vijiti vimelala pembeni havijaguswa. Siku hiyo usiseme kitu, wala usivitupe. Akikutana na kugawanya atavitaka tena.

Baba yake mpe kazi. Wanaume wakikaa pembeni wanakuwa wakaguzi. Afungue duka la uongo na mtoto, noti za karatasi, sarafu za kweli, na yeye baba ndiye mteja msumbufu anayetoa elfu kumi kwa kitu cha elfu tatu na mia sita. Mtoto amrudishie kwa kupanda kama alivyosema Fundi. Akimaliza ndipo muulize kama bado anaona chekechea.

Vitabu: Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, utapata vitabu vya kiada uvisome kwenye simu hiyohiyo. Chukua cha Kuhesabu cha darasa la kwanza na la pili, ujue mpangilio, usifuate kurasa zote.

---

Ngosha_Igoma alijibu:

Mwalimu, kwa mtu mzima mwenye F trei la mayai linafanya kazi?

---

Mwl_Mstaafu_Nansio alijibu:

Linafanya. Kula mayai kwanza.

---

MamaDagaa_Kirumba aliandika:

😂 Mwalimu, moja la mwisho halafu nikuache upumzike. Uhamisho umegongwa muhuri, Ngosha, asante. Januari nikimpeleka, huyo mwalimu mpya nimwambie au ninyamaze? Naogopa nikisema ana shida atakalishwa nyuma, nikinyamaza atakutana na fimbo zilezile.

---

Mwl_Mstaafu_Nansio alijibu:

Mwambie, lakini nenda wiki ya kwanza, kabla hajampa jaribio lolote. Ukienda baada ya jaribio utaonekana unatetea maksi. Na usiende na maneno "ana shida", yanamchosha mwalimu mwenye watoto wengi darasani. Andika ukurasa mmoja wa yale anayoyaweza kweli, kwa mfano: anasoma vizuri, anajua wenza wa kumi (6 na 4, 7 na 3), namba mpaka 999 anaandika kwa kadi, na bila kadi bado anakosea wakati mwingine, kutoa kwa kufungua fungu anaweza kwa vijiti, kuzidisha anaona kwa trei, tebo za tano na kumi yuko imara, kugawanya hatujafika. Mwisho andika ombi moja tu, asiulizwe tebo kwa haraka mbele ya wenzake. La fimbo liseme kwa mdomo, kwa mwalimu mkuu, ukiwa na baba yake.

Mafungu matano ya vijiti aende nayo kwenye mkoba. Ukishauandika ukurasa huo uniwekee hapa niusome kabla hujaupeleka.